Mkutubi Naye Apewe Muda wa Kujifunza



Kila mwaka wa masomo unapokaribia, nyumba za malezi hupanga nani aende kujifunza nini. Mlezi hupelekwa kozi ya ushauri nasaha. Mhasibu huhudhuria semina ya kodi. Katekista huitwa kwenye mafungo na masomo ya jimbo. Mkutubi, mara nyingi, hukabidhiwa funguo tu. Huwa ni padre mwenye vipindi darasani na majukumu mengine manne, au sista aliyehamishwa kutoka zahanati, au frateri aliye katika mwaka wa uchungaji. Anapokea chumba chenye vitabu, leja ya kuazimia na ufagio, na baada ya hapo hakuna anayemuuliza anahitaji kujua nini.

Sisi tunaoandaa jarida hili tunaona kwamba hali hiyo imefika mahali pa kusemwa wazi. Maoni yetu ni haya: mkutubi wa seminari, wa nyumba ya kitawa au wa parokia apewe muda rasmi wa kujifunza zana mpya za mtandaoni, muda huo uandikwe kwenye ratiba, na gharama yake iingizwe katika bajeti ya malezi. Zana nyingi ni za bure. Kinachokosekana ni saa za kuzijaribu, na mtu aliyetumwa kuzijaribu.

Hatusemi jambo geni katika Kanisa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48, inaagiza kila mmonaki apewe kitabu wakati wa Kwaresima akisome chote tangu mwanzo hadi mwisho. Agizo hilo haliwezi kutekelezwa pasipo mtu anayejua vitabu vipo vingapi, viko wapi na nani amechukua kipi. Na tarehe 19 Machi 1994, Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Kanisa iliandika barua kuhusu maktaba za Kanisa katika utume wa Kanisa. Kichwa cha barua hiyo peke yake ni fundisho. Maktaba imewekwa ndani ya utume, si kando yake kama stoo.

Daftari la leo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la maktaba limebadilika. Kuna programu iitwayo Koha, iliyotengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua na kuanza kutumika Januari 2000. Jina hilo ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli imetolewa kama zawadi: maktaba yoyote inaweza kuipakua na kuitumia bila kulipia leseni. Inaweza hata kuendeshwa kwa kompyuta za ndani ya nyumba bila kutegemea intaneti ya nje.

Hata hivyo, Koha haijipangi yenyewe. Anayeiendesha lazima ajue kuandika taarifa za kitabu kwa utaratibu unaokubalika. Lazima ahifadhi nakala ya kumbukumbu zote mahali pengine, ili kompyuta ikiharibika asianze upya. Lazima aamue kama mwandishi mmoja ataandikwa Augustino, Agostino au Augustine, la sivyo mwanafunzi atapata theluthi ya vitabu vyake na kudhani ndivyo vyote. Ujuzi huo haupatikani kwa siku moja, wala haupatikani usiku baada ya Sala ya Mwisho wakati mwili umechoka.

Kwa frateri anayeandika tasnifu, iko programu ya Zotero, iliyotoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Hiyo nayo ni ya bure. Inakusanya marejeo, inayapanga, na kuandika tanbihi kwa mtindo ambao chuo kinautaka. Kwa anayetafuta makala za teolojia na Maandiko Matakatifu, iko Index Theologicus ya Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, ambayo hailipiwi. Mseminari akizijua zana hizi mbili, saa alizokuwa akizipoteza kusahihisha nukta na mabano atazitumia kusoma. Lakini nani atamfundisha, kama mkutubi wake mwenyewe hajawahi kuketi nazo?

Mimbari na akili unde

Hapa ndipo jambo linapowagusa waumini wote. Leo mseminari mwenye simu janja anaweza kuiuliza akili unde swali lolote na kujibiwa kwa sekunde chache, kwa Kiswahili fasaha. Akitaka maneno ya Mtakatifu Krisostomo kuhusu maskini, atapewa. Shida ni kwamba chombo hicho kinaweza kutunga nukuu ambayo mtakatifu hakuisema kamwe, na kuibandika kwenye jina la kitabu ambacho hakipo. Hati ya Antiqua et nova, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa pamoja na Baraza la Kipapa la Utamaduni na Elimu, inatuonya kwamba mifumo hiyo inaweza kutoa taarifa zenye upendeleo au za kubuni.

Fikirini safari ya nukuu kama hiyo. Inaanzia kwenye simu, inaingia kwenye zoezi la darasani, inahamia kwenye daftari la mahubiri, na miaka mitano baadaye inatamkwa mimbarini mbele ya waumini ambao hawana namna ya kuihakiki. Wao wanamwamini padre wao. Uaminifu huo ulijengwa kwa vizazi, na unaweza kubomolewa na uvivu wa kutofungua kitabu.

Kukataza simu peke yake hakutatosha, kwa kuwa mseminari wa leo atakuwa padre kesho, na hapo hakuna atakayemnyang'anya simu. Anachohitaji ni kufundishwa kuuliza: maneno haya yametoka wapi? Katika kitabu gani, sura gani, toleo gani? Hilo ni swali la mkutubi tangu zamani. Lakini ili amfundishe frateri kuikagua akili unde, mkutubi lazima awe ameitumia, ameiona ikisema kweli na ameiona ikidanganya. Asiyekijua chombo hawezi kuonya juu yake akasikilizwa.

Mbuzi wa Mgeta na makabati ya Matombo

Wengine watasema hayo ni mambo ya wasomi. Tuipande basi milima ya Uluguru. Huko Mgeta, ambako wakulima hulima mboga kwenye miteremko, walipelekwa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway katika miaka ya 1980, kwa mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tafiti zimefanywa kuhusu mbuzi hao: malisho yao, magonjwa yao, maziwa yao. Wafugaji wenyewe ndio waliohojiwa, na mbuzi wao ndio waliopimwa.

Majibu yako wapi? Sehemu yake iko hapa mjini. Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyopewa hadhi hiyo kwa sheria ya mwaka 1991, ina hazina ya kidijitali ambamo tasnifu na makala za watafiti wa SUA zinasomwa bure na yeyote mwenye intaneti. Zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa lugha ya kitaalamu. Mfugaji wa Nyandira hawezi kutarajiwa kuzichimbua. Lakini mkutubi wa seminari au wa parokia anayejua kutafuta katika hazina hiyo anaweza kutoa kurasa mbili zinazohusika, akampa paroko au mwalimu azieleze kwa Kiswahili kwenye jumuiya ndogo ndogo. Taarifa iliyotoka mlimani irudi mlimani.

Upo pia mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa machapisho ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani, kisha mwaka 2003 kwa ya kilimo chini ya FAO. Taasisi za elimu za nchi kama yetu hujiandikisha na kusoma majarida ambayo kwa kawaida huuzwa ghali mno. Mpango huo hutoa hata mafunzo ya bure mtandaoni kwa wakutubi. Tusipojiandikisha, mlango upo wazi nasi tumesimama nje.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Parokia kongwe za Uluguru, kama Matombo, zina mizizi katika kazi ya wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kusonga bara. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Katika hali ya hewa ya milima yetu, unyevu na mchwa havisubiri. Kupiga picha kurasa hizo kwa utaratibu mzuri ni kazi inayowezekana hata kwa vifaa vya kawaida. Lakini ni lazima ifanywe na mtu aliyejifunza: namna ya kuyapa mafaili majina, wapi pa kuhifadhi nakala, nani aruhusiwe kuona. Majina ya wabatizwa si ya kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkutubi anapaswa kuijua kabla hajabonyeza kamera.

Hoja za wanaosita

Tunazisikia hoja za upande wa pili, nazo zina uzito. Ya kwanza ni mtandao wenyewe. Minara iliyo juu ya Bondwa tunaiona vizuri kutoka mjini, lakini nyuma ya kilele hicho yapo mabonde ambako kupiga simu ni lazima upande kichuguu. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilikatika, na nchi nzima ikahangaika na intaneti kwa siku kadhaa. Hoja hii inatufundisha kuchagua zana, haituambii tuziache. Iko programu ya Kiwix, inayowezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili yote mara moja na kuisoma bila mtandao. Mkutubi anayeifahamu anaweza kuipeleka hadi kigango cha mbali akiwa na flashi mfukoni.

Ya pili ni fedha. Bando na umeme vinagharimu, ni kweli. Lakini tukumbuke tulivyokwisha kusema: programu tulizozitaja hapa hazilipiwi. Gharama kubwa ni muda wa mtu mmoja.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba skrini huvuruga ukimya, na seminari ni shule ya ukimya. Tunakubali. Ndiyo sababu tunataka zana hizi zipite mikononi mwa mtu aliyetulia na aliyetumwa, badala ya kila frateri kujitafutia usiku chini ya blanketi.

Njia inayowezekana

Mwaka 2006, mkutubi Helene Blowers wa maktaba za umma za Charlotte, Carolina Kaskazini, alibuni mpango mwepesi. Aliorodhesha mambo 23 ya mtandaoni, akawaalika wafanyakazi wenzake wayajaribu wenyewe kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na kuandika walichojifunza. Waliomaliza walipewa zawadi ndogo. Hakukuwa na mtaalamu wa kutoka nje. Mpango huo uliigwa na maktaba za nchi nyingi.

Morogoro tunaweza kuwa na wetu. Mji huu umejaa nyumba za malezi na mashirika ya kitawa, tangu Bigwa hadi Kola. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila nyumba impe mkutubi wake saa mbili kwa wiki za kujifunza, zisizoguswa na shughuli nyingine. Pili, wakutubi wa nyumba hizi wakutane mara moja kila miezi mitatu, kila mmoja aje na zana moja aliyoijaribu: aonyeshe inavyofanya kazi na aseme ilipomshinda. Wakutubi wa vyuo vikuu vilivyo jirani waombwe kuja kusaidia. Tatu, kila nyumba ipange kumpeleka mtu mmoja, kwa zamu, kwenye Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo, ili mazoea yapate msingi wa taaluma.

Magombera na maparoko, tunawaomba muiweke hoja hii kwenye kikao kijacho cha bajeti. Mafrateri, mkutubi wenu akiwaita kwa saa moja ya mafunzo, nendeni. Msingoje wiki ya kukabidhi tasnifu. Nanyi waumini, mnapoichangia seminari mahindi, maharage na fedha, ulizeni pia habari za maktaba yake. Mahubiri mtakayoyasikia miaka kumi ijayo yanaandaliwa humo sasa.

Mtakatifu Laurenti, shemasi na shahidi, somo wa wakutubi, awaombee wote wanaotunza vitabu vyetu.