Nyumba na Tufani

Ndugu msomaji, umepata kuona upepo ukiondoa paa? Wengi hudhani ya kuwa paa huvunjwa kutoka juu. Mara nyingi sivyo. Kwanza upepo huvunja dirisha au mlango, ukaingia ndani. Ukiisha kuingia huliinua paa kwa chini, na ule upitao juu huzidi kulivuta. Ndipo paa hung'oka kama kifuniko cha sufuria, nazo kuta zilizoachwa peke yake huanguka.

Hayo yaliwapata watu wa wilaya ya Dade, katika Florida, nchi ya Marekani, alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992. Tufani iliyoitwa Andrew ilikuja na upepo wa kilometa 265 hivi kwa saa. Nyumba zaidi ya 25,000 zilibomoka kabisa. Na ajabu ni hii: sheria ya ujenzi ilikuwapo, tena kali! Walakini katika mabaki walikuta mbao za paa zimebanwa kwa pini za chuma badala ya misumari, na pini nyingine hazikugusa kenchi hata kidogo. Mafundi walikuwa na haraka, na wakaguzi, kwa uchache wao, walipita mbio.

Basi sheria ikatengenezwa upya, na tangu Machi 2002 Florida nzima ina sheria moja. Kenchi hufungwa ukutani kwa mikanda ya chuma, nao ukuta hushikwa na msingi. Huko Dade dirisha hujaribiwa kwa kurushiwa ubao wa kilo 4 hivi, kwa mwendo wa kilometa 55 kwa saa. Ubao ukipenya, dirisha hilo halikubaliwi. Si mchezo huo, kwani katika tufani mbao za jirani huruka kweli.

Wajenzi walinung'unika juu ya gharama. Lakini tufani Charley ilipofika Agosti 2004, nyumba zilizofuata sheria mpya ziliumia kidogo kuliko za zamani.

Maji ya bahari ni jambo jingine. Mkanda wa chuma hauzuii mawimbi. Aliyeambiwa ahame, na ahame.

Tena sheria humbana hasa yule ajengaye sasa. Nyumba ya zamani hungoja mpaka mwenyewe aitengeneze, na mara nyingi anayekaa katika nyumba kuukuu ndiye asiye na fedha ya kununua hata hiyo mikanda.