Nani Ashike Funguo? Programu Huria katika Kazi ya Pamoja ya Walimu

Sisi wakufunzi twahimiza siku zote kwamba walimu waandae kazi zao kwa pamoja. Walakini mwalimu wa shule ya msingi aghalabu huandika andalio la somo peke yake usiku, hufundisha asubuhi, kisha daftari lake hubaki kabatini. Leo zipo programu za kompyuta zinazowawezesha watu watano kuandika andalio moja kwa wakati mmoja, kujadiliana kwa maandishi na kuweka zana zao mahali pamoja. Sitajadili kama zitumike au zisitumike, maana zimekwisha kuingia vyuoni. Suala langu ni hili: kazi hiyo ya walimu ikae wapi, na nani ashike funguo zake?

Wengi wetu tumezoea huduma za bure za makampuni ya ng'ambo. Huduma hizo ni rahisi kuanza nazo, wala sizibezi. Lakini masharti huwekwa na mwenye mali. Mwaka 2022 huduma ya Slack, inayotumiwa na vikundi vya kazi katika nchi nyingi, ilibadili masharti yake: kikundi kisicholipa kikawa hakiwezi tena kuona ujumbe uliozidi siku 90. Kwa masharti hayo, mjadala wa walimu wa mwezi Januari hauonekani tena mwezi Mei. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Njia ya pili ni programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake ya asili yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016, huhifadhi mafaili, kalenda na mazungumzo ya kikundi. Etherpad huwezesha watu wengi kuandika waraka mmoja. Zote mbili zaweza kuwekwa bila ada ya leseni katika kompyuta moja ya chuo, iitwayo seva. Simu na kompyuta za wanachuo huifikia seva hiyo kwa mtandao wa ndani ya chuo. Hapo bando halihitajiki, na intaneti ikikatika kazi huendelea. Zaidi ya hayo, majina na alama za watoto tunaowafundisha hubaki mikononi mwetu, jambo ambalo lina uzito zaidi tangu Tanzania ilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba kuwa na mashine yako ni sawa na kuwa salama. Nakiri kosa langu. Katika chuo kimoja nilichofundisha nilisimika seva ya namna hiyo kwa mikono yangu. Nilijivuna nayo. Neno la siri nililijua mimi peke yangu, na nakala ya akiba niliiweka katika diski iliyokaa juu ya mashine ile ile. Siku moja ya mvua umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, mashine na diski zikaungua pamoja. Maandalio ya miaka miwili, yaliyotungwa na kusahihishwa na wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, yalipotea. Mwanachuo mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tuanze upya?" Sikuwa na jibu. Hapakuwa na kampuni ya kulaumu.

Tangu siku ile naamini kwamba kasoro haikuwa katika programu. Kasoro ilikuwa kwamba nilikiita cha pamoja kitu kilichotunzwa na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wapo wenzangu wasemao kwamba kutunza mitambo ni kazi ya fundi, wala si ya mwalimu. Hoja hiyo ina ukweli: mwalimu ana mzigo wa kutosha, na chuo kisichoweza kuitunza seva afadhali kisiianze. Lakini tukumbuke shamba la shule. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba lao, siyo kushika jembe tu. Seva ya chuo nayo ni shamba la namna hiyo. Utunzaji wake ni sehemu ya mafunzo.

Basi napendekeza mambo machache. Kwanza, funguo zishikwe na watu watatu: mkufunzi, mtunza maktaba na mwanachuo wa zamu. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha na kufungiwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Pili, nakala ya akiba ifanywe kila juma, na diski moja ikae katika jengo jingine. Kila muhula wanachuo wajaribu kuirejesha nakala hiyo, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa haiaminiki. Tatu, mashine iwe na betri ya kuikinga na umeme unaokatika, na programu zisasishwe kila mwezi. Nne, liwepo daftari la karatasi la kuandika kila lililofanyika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tano, kazi ianzie ndani ya chuo tu, pasipo kuifungulia seva intaneti, mpaka watunzaji wapate uzoefu.

Utakapopangiwa kituo chako cha kazi, huenda usikute seva wala mtandao. Hata hivyo utakuta walimu wenzako na kabati la maandalio. Siku ya kwanza uliza nani ana ufunguo wa kabati hilo, na akihama atamwachia nani.