Shokapu Hazibebi Mzigo

Muhula huu hakuna jambo lililozungumzwa bwenini, bwaloni na hata penye ofisi ya walimu kama habari ya gari letu la shule. Inasemekana kwamba shokapu zake mbili za nyuma zimekwisha, na kwamba zitanunuliwa nyingine, tena si za kampuni iliyotengeneza gari, bali zile nene ambazo wenye magari ya safari za porini huzipenda. Wengi wameshangilia. Wanasema, "Sasa gari litabeba magunia kumi na tano badala ya kumi." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nakubali kabisa kwamba shokapu mpya zinunuliwe. Lakini sababu hiyo naipinga, nami naona kwamba tukizifunga kwa ajili hiyo tutajidhuru wenyewe.

Kwanza yafaa tujue kazi ya kitu chenyewe. Gari letu ni Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na nyuma lina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo ndizo zinazobeba mzigo. Sisi tunaosoma fizikia twaijua kanuni ya Robert Hooke, aliyoieleza mwaka 1678, kwamba springi hujikunja kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Ongeza gunia, springi itashuka. Ondoa gunia, itapanda. Shokapu haifuati kanuni hiyo. Ndani yake mna mafuta, na pistoni yenye matundu madogo na vali. Pistoni inapokwenda, mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo, nayo hukataa kwenda haraka. Basi shokapu huzuia mwendo tu. Gari likisimama, shokapu ya mafuta haisukumi kitu chochote; ile yenye gesi husukuma kidogo, lakini hata huyo msukumo hautoshi kuitwa kubeba. Mtu anayefunga shokapu nene ili apakie zaidi ni sawa na mtu anayeongeza breki za baiskeli ili ipande mlima.

Kwa nini basi tuzihitaji? Kwa sababu springi peke yake ikishtuka haitulii. Hupanda na kushuka, na kila inapopanda gurudumu huelekea kuiacha ardhi. Gurudumu lisiloshika ardhi halifungi breki wala halifuati usukani. Kazi ya shokapu ni kuutuliza mtikisiko huo mapema, na nguvu ya mtikisiko huigeuza kuwa joto. Dereva mmoja mzee alinionyesha namna ya kuzipima baada ya safari ya barabara mbovu: huzikaribia kwa mkono pole pole, asije akaungua. Iliyo na joto imefanya kazi. Iliyo baridi wakati mwenzake ina moto, hiyo imekufa. Tena hutazama kama mafuta yanavuja katika fimbo yake, na kama matairi yamelika kwa mabonde mabonde. Kwa gari letu, ile ya kushoto ni baridi na imelowa mafuta mpaka vumbi limegandia. Sina shaka kwamba zimekwisha.

Na hapa ndipo lilipo jambo zito. Gari hili halichukui mahindi tu. Ndilo linalompeleka hospitali mwanafunzi anayeugua usiku wa manane. Gunia moja la mahindi lina kilo zipatazo mia moja. Magunia kumi na tano ni tani moja na nusu, bado watu walioketi juu yake. Springi zikikandamizwa hivyo kila wiki huchoka na kukatika. Breki nazo huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kulisimamisha gari. Shokapu nene haziondoi hata kilo moja katika hesabu hiyo. Zitaufanya mzigo utulie kidogo, nasi tutadanganyika kwamba umepungua. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Apakiaye magunia hatakuwamo garini siku ile springi itakapokatika kwenye kona na mgonjwa ndani. Ikiwa chakula hakitoshi safari moja, ziwe safari mbili, au likodiwe lori.

Sasa juu ya kununua. Wako wanaosema kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho bora. Sivyo. Shokapu hupimwa kwa springi inayoishirikiana nayo. Ikiwa ngumu mno kwa springi iliyopo, gari tupu litaruka kama mpira, na msukosuko wote utakwenda kwenye vyuma vinavyoishika shokapu, mpaka vipasuke ufa. Urefu nao ni muhimu. Ekseli ikishuka kabisa, shokapu isiwe ndiyo kamba ya kuizuia. Na ikipanda kabisa, ule mpira mnene ulio chini ya chesisi uguswe kwanza kabla shokapu haijafika mwisho wake. Mwenye gari lililoinuliwa kwa springi ndefu hana budi kutafuta shokapu ndefu. Letu halijainuliwa, kwa hiyo tununue za urefu wake wa asili. Kadhalika zinunuliwe mbili kwa pamoja, maana mpya na kuukuu katika ekseli moja hazilingani nguvu.

Ziko shokapu za namna mbili kubwa. Iko yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na iko ya mrija mmoja yenye gesi ya naitrojeni iliyotengwa na mafuta, ambayo Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyeiendeleza. Hii ya pili hupoa upesi zaidi, kwa kuwa ukuta wake unapigwa na upepo moja kwa moja. Lakini jiwe likiubonyeza ukuta huo, pistoni hukwama. Ya mirija miwili huvumilia jiwe kuliko joto. Kwa barabara yetu yenye mawe na safari zisizo ndefu, mimi ningechagua ya mirija miwili, tena ni nafuu. Jambo la kuogopwa ni bidhaa za bandia. Boksi zuri si ushahidi. Anunuaye adai risiti na dhamana.

Shauri langu la tatu ni kwamba kazi hii ifanyike hapa shuleni, chini ya mkono wa fundi, na wanafunzi tuwepo. Najua watakaosema kwamba tumekuja kusoma vitabu, na kwamba kazi ya grisi si yetu. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikwisha kujibu hoja hiyo. Wengine watasema ni hatari. Ni kweli, lakini hatari huja kwa kutokujua, nayo kazi yenyewe ina utaratibu.

Jioni moja kabla, nati hutiwa mafuta ya kulainisha kutu zilale nayo. Kesho yake gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele huwekewa vigingi, na chesisi huegemezwa juu ya stendi za chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Jeki huwekwa chini ya ekseli, ili shokapu ikitoka ekseli isianguke ghafla na kuvuta bomba la breki. Kwa gari lenye springi za koili, kama Land Rover Defender, jambo hili ni la lazima zaidi, maana hata springi yaweza kuchomoka. Nati za chini na za juu hufunguliwa, shokapu kuukuu hutolewa pamoja na bushi zake.

Ile mpya ya mirija miwili husimamishwa wima na kusukumwa mara kadhaa mpaka hewa itoke ndani. Fimbo yake inayong'aa isishikwe kwa koleo, kwani mkwaruzo mdogo utachana sili, na mafuta yatavuja. Huwekwa, nati hushikizwa kwa mkono, kisha gari hushushwa juu ya magurudumu yake. Hapo ndipo nati zinapokazwa. Mafundi wengi wenye haraka hukaza gari likiwa bado linaning'inia. Gari linaposhuka bushi hupindika, na baada ya muda mfupi mpira umepasuka. Baada ya kilomita mia tano hivi, zikaguliwe tena. Na zile kuukuu, kama ni za gesi, asizipashe mtu moto wala kuzikata kwa msumeno.

Kwa kazi hiyo ya nusu siku, mwanafunzi ataona kanuni ya Hooke, msuguano, joto na shinikizo la gesi kwa macho yake. Fundi atalipwa haki yake ileile. Nani atakuwa amepata hasara?

Neno la mwisho ni kwa dereva na kwa wote wanaomhimiza aende mbio. Barabara yetu ya vumbi imejikunja kama bati. Mwaka 1963 Keith Mather alieleza majaribio yake yaliyoonyesha kwamba mikunjo hiyo hufanywa na magurudumu yenyewe yanapopita mwendo fulani, hata yasipokuwa na springi. Basi hakuna shokapu itakayoiponya barabara. Mwendo mkali juu ya mikunjo huyachemsha mafuta mpaka yanakuwa mepesi, na shokapu ya bei kubwa hupoteza nguvu zake safarini. Apunguze mwendo, apumzishe gari katika safari ndefu, na apunguze upepo wa matairi kwa kiasi kama mzigo ni mdogo.

Kwa hiyo naiomba kamati inayohusika ifanye mambo matatu: inunue shokapu mbili zinazolifaa gari hili, iandike ubavuni mwa gari idadi ya magunia isiyopitwa, na iruhusu kazi ifanyike mbele yetu. Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha. Ila asije kuniambia kwamba shokapu hubeba mzigo.