Kupigiwa Debe na Chama Kingine Kunaleta Kura?

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, kwenye vijiwe vya bodaboda vya Tegeta na huku juu Wazo hadi Madale, watu hupiga hesabu moja. Chama hiki kina watu kiasi hiki, kile kina kiasi kile. Kiongozi wa hiki akimuunga mkono mgombea urais wa kile, jumlisha, Ikulu hiyo. Uchaguzi wa 2025 ulipokaribia hesabu hiyo tulianza kuisikia tena. Sisi tunaona ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya namba tu. Inamfanya mpiga kura kuwa kama mfuko wa saruji wa hapa kiwandani: unapakiwa kwenye lori la mmoja na kushushwa kwa mwingine, wenyewe hauna la kusema.

Tutaje mipaka yetu mapema. Kanuni ya 287 ya Sheria ya Kanisa inawazuia makleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, na sisi tunajiandaa kuwa makleri. Hatumpigii debe mtu. Kufikiri, hata hivyo, hatujakatazwa.

Wengi wetu tulipiga kura ya kwanza ya urais tarehe 28 Oktoba 2020. ACT-Wazalendo walikuwa na mgombea wao, Bernard Membe, waziri wa mambo ya nje wa zamani aliyetokea CCM. Kampeni zikiendelea, Zitto Kabwe na Maalim Seif Sharif Hamad, viongozi wakuu wa chama hichohicho, wakatangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Membe akasema yeye bado ni mgombea, na jina lake likabaki kwenye karatasi. Upande wa pili TLP ya Augustine Mrema haikusimamisha mgombea wa urais, ikamuunga mkono John Magufuli. Tume ilitangaza Magufuli asilimia 84, Lissu 13, Membe chini ya asilimia moja. Upinzani uliyakataa matokeo hayo, kwa hiyo hatuyatumii kama mizani.

Mfano wa kutazama kwa utulivu ni 2015. UKAWA, umoja wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD uliozaliwa kwenye Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, ulimsimamisha Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyekuwa ametoka CCM mwezi Julai. Akafuata Frederick Sumaye, naye Waziri Mkuu wa zamani. Akaja mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, aliyeachana na CCM na kusimama upande wa Lowassa. Ukiamini hesabu ya kijiweni, hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kubebwa na mabega mazito kiasi hicho.

Sasa tazama. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alipata asilimia 27 hivi na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF asilimia 8. Waliokuwa mbali na CCM kwa vyama hivyo viwili tu walikuwa tayari 35 katika kila mia. Mwaka 2015 Lowassa alipata asilimia 39.97, Magufuli 58.46. Vishindo vyote vile, mawaziri wakuu wawili na umoja wa vyama vinne, viliongeza kama pointi tano. Kura zenyewe ziliongezeka sana, kutoka chini ya milioni 3 hadi zaidi ya milioni 6, lakini za CCM nazo zilipanda kutoka milioni 5.3 hadi 8.9, maana waliojitokeza safari hii walikuwa wengi zaidi pande zote.

Na katika pointi hizo tano kuna walioingia na waliotoka. Septemba 2007, Mwembeyanga, Temeke, CHADEMA kupitia Dk. Slaa kilisoma hadharani majina ya watu kiliowatuhumu kwa ufisadi, na la Lowassa lilikuwamo. Yeye alikanusha tuhuma hizo siku zote. Miaka minane baadaye watu walewale waliosimama juani Mwembeyanga waliombwa wampe kura. Dk. Slaa akaachia ukatibu mkuu, Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasema hoja inayosimama juu ya mamlaka ya mwanadamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Tungeongeza kwamba hudhoofika zaidi pale mamlaka hiyohiyo iliposema kinyume jana yake.

Lakini tusiseme kuungana hakuna kazi. Mwaka huohuo UKAWA waligawana majimbo. Kinondoni na Temeke waliachiwa CUF, Kawe, ambalo kata yetu ya Wazo imo ndani yake, likaenda CHADEMA. Kinondoni na Temeke yalitoka mikononi mwa CCM, na Kawe likabaki kwa CHADEMA, waliokuwa nalo tayari. Mwana-CHADEMA wa Magomeni alimpigia Maulid Mtulia wa CUF bila kuhubiriwa sana, kwa sababu alitaka mabadiliko tayari na mbele yake kulikuwa na mgombea mmoja wa kuyabeba. Tamko la viongozi halikumgeuza, lilimwondolea kikwazo.

Jirani zetu wa Kenya wanalionyesha hilo vizuri kuliko sisi. Tarehe 14 Oktoba 2002, Uhuru Park, Raila Odinga alisema "Kibaki tosha", na maneno mawili hayo yakazima ndoto yake mwenyewe ya kugombea mwaka ule. Mapema Desemba Mwai Kibaki akapata ajali ya gari, akapelekwa London kutibiwa, na Raila na wenzake wakaendelea kuzunguka nchi kumwombea kura. Kibaki alishinda kwa asilimia 62 na kuapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Miaka ishirini baadaye Rais Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila dhidi ya naibu wake mwenyewe, William Ruto. Alikuwa na dola na jina la baba yake, na mgombea mwenza, Martha Karua, alitoka Kirinyaga. Mlima Kenya wakampa Ruto kura zao kwa wingi, naye akashinda kwa asilimia 50.49. Watu walikuwa wameshaambiwa kwa miaka mingi, na Uhuru huyohuyo, kwamba Ruto ndiye anayefuata.

Kwa hiyo jibu letu: anayekupigia debe kutoka chama kingine anaweza kukuletea wale waliokuwa mlangoni wakisitasita. Waliolala ndani ya nyumba nyingine hawaamshi. Na hata hao wa mlangoni humtazama kwanza yeye: amepoteza nini kwa kusema hivyo?

Hapa ndipo tunapokuwa na neno kwa vyama. Desemba 2017 Mtulia alihamia CCM, kiti kikawa wazi, na Februari 2018 akachaguliwa tena Kinondoni kwa tiketi ya CCM. Mbunge wa Temeke, Abdallah Mtolea, naye alihama mwishoni mwa 2018 na kurudi bungeni bila kupingwa. Lowassa alirejea CCM Machi 2019, Sumaye mwanzoni mwa 2020. Kila mmoja alikuwa na haki yake ya kuhama. Aliyeachwa hana jibu ni yule wa Magomeni na mwenzake wa Tandika, aliyepigia kura chama kisicho chake kwa sababu aliombwa. Kama kuna vyama vinavyotaka kuungana tena, makubaliano yaandikwe na kubandikwa ofisi za kata miezi kadhaa kabla ya kura, si kutangazwa jukwaani kampeni zikiwa ukingoni: tunaachiana nini, kwa sera gani, na mliyempa kura akiondoka, nani atakuja kuwaeleza.