Kingereza kinataka miguu vilevile



Kijana mmoja wa jamaa yetu alimaliza masomo ya sekondari na alama nzuri za Kingereza. Siku moja tulifika naye Kasumbalesa, kwenye mpaka. Shofere wa kamiyo kutoka Zambia alimuuliza njia tu. Kijana alinyamaza, akatazama chini. Kiisha akaniambia: "Mama mudogo, maneno niko nayo, lakini kinywa kinakataa."

Ninaona kosa si lake. Hesabuni pamoja nami: kalasi ya wanafunzi 50, saa ya dakika 50. Wakisema mmoja mmoja mbele ya wote, kila mtu anapata dakika 1 tu, na wenzake 49 wanaketi wakingoja kucheka kosa lake. Nani hataogopa?

Iko njia ingine, haitaki franga. Mwalimu atoke na wanafunzi katika kiwanja. Wasimame mistari miwili, 25 na 25, wakitazamana. Awape ulizo moja: "Where do you live?", maana yake, unakaa wapi? Kila mmoja aulize mwenzake, kiisha naye aulizwe. Kisha dakika 2 mwalimu anapiga mikono: mustari mmoja unasogea hatua moja, wa mwisho anakimbia kushika nafasi ya kwanza. Sasa kila mtu yuko na mwenzake mupya. Wakipita kwa wenzao 10, ni dakika 20, na kila mmoja amepata karibu dakika 10 za kusema! Mara ya kwanza ulimi unakwama. Mara ya tano unateleza.

Kwa wenye kuanza, Mumarekani James Asher, mtaalamu wa saikolojia, alifundisha tangu miaka ya 1960 kwamba wasikie kwanza amri na kuifanya kwa mwili: simama, tembea, gusa mlango. Kusema kutafuata.

Ndiyo, kelele itakuwa. Mwalimu wa kalasi ya pili ataguna. Mupatane naye saa. Tena musikatize mwanafunzi katikati. Makosa yasahihishwe mwisho, kwa wote, bila kutaja jina.

Na ninyi vijana, musingoje mwalimu. Kisha ibada siku ya Mungu, kiwanja kiko wazi. Yule kijana wetu alianza na wadogo zake 3 katika lupango. Leo, akiulizwa njia Kasumbalesa, anajibu. Na makosa, ndiyo, lakini anajibu.