Mbona bao haliulizwi bei?

KIBARAZANI
Na Mwanahawa Shaame

Shoga yangu mmoja wa Magomeni amezifunga sindano zake za kufumia kwenye kipande cha kanga kuukuu, akazitupa juu ya kabati. Alikuwa akifuma tangu usichana wake: soksi na kofia za vichanga (maana sisi hata Dar es Salaam hii, na joto lake lote, mtoto mchanga lazima avishwe sufu mpaka masikioni), vitambaa vya makochi, na shali moja ya zambarau ambayo sote tulikuwa tukiitolea macho. Hakugombana na mtu. Alisaidiwa na mumewe.

Ilikuwa hivi. Mume aliichukua ile shali akaenda nayo kazini kuwaonyesha wenzake, kwa fahari tu, na hapo sina ugomvi naye. Jioni akarudi na karatasi yenye oda 14, kila moja na rangi yake, na pesa za utangulizi za watu sita. "Mama Rehema, tumepata biashara," akamwambia. Mwezi ule shoga yangu alifuma kabla ya adhana ya alfajiri, akafuma tena watoto wakishalala. Kiungo cha kidole gumba kikamvimba. Kuna mteja aliyempigia simu kuuliza mbona yake imechelewa, kwa ukali kama anayedai kodi ya nyumba. Alipomaliza ya 14, ndipo akaitafuta ile kanga kuukuu.

Mumewe mpaka leo anashangaa. Aliniuliza mimi: "Shemeji, nimekosa nini? Si nilimuunga mkono?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelipata baadaye, kwenye baraza ya jirani, pale wazee wanapocheza bao kuanzia laasiri mpaka magharibi. Mashimo 32, kete 64, na ubishi usiohesabika. Sijapata kuona mke akitoka ndani kumwuliza mumewe bao lile litaleta shilingi ngapi. Mpira je? Siku ya Simba na Yanga mtu ananunua jezi, analipa kiingilio, anarudi amekauka sauti na timu yake imefungwa, na nyumba nzima inampa pole. Hiyo ni starehe yake, na starehe haidaiwi risiti. Mwanamke akikaa na uzi nusu saa, ataulizwa, "Hii unauza?" Akisema hauzi, ataulizwa kwa nini asinunue tu dukani.

Ndiyo maana shemeji yangu hakuona kosa lake. Aliipenda ile shali kwa dhati, ila hakujua njia nyingine ya kuiheshimu isipokuwa kuitia bei. Na tangu siku ilipotiwa bei, saa pekee iliyokuwa ya mkewe peke yake ikawa ya watu 14.

Nayaandika haya nina kofia mapajani. Kofia ya viua, kama walivyotufundisha mama zetu Unguja: unachora maua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, unatoboa tundu dogo, unalizungushia uzi mpaka likaze, unahamia la pili. Ni matundu mamia kwa mamia, na hayo ndiyo yanayopitisha upepo kichwani. Kofia moja inaweza kula miezi. Nayo haifuliwi ovyo: hufuliwa kwa mkono, ikatiwa wanga, ikavalishwa kopo la kadiri ya kichwa mpaka ikauke. Madukani zipo za mashine, nadhifu kabisa, na mwenye haraka simlaumu. Lakini wanaume wetu wanaitambua ya mkono kwa mbali, na asubuhi ya Idi utawaona wanavyotembea polepole mbele ya msikiti. Mtu amebeba macho ya mkewe ya miezi mitatu kichwani, akisifiwa anajibu, "Ahsante."

Wala sisemi mikono isilete riziki. Wako kina mama Unguja na Pemba ambao ukindu wao umesomesha watoto: wanauanika, wanauchana, wanauchemsha na rangi, wanausuka ukili, kisha ukili unashonwa mkeka. Hao wameamua wenyewe kuuza, na mume wa mwanamke kama huyo amsaidie kubeba mzigo mpaka sokoni. Mama Rehema hakuulizwa.

Mume wangu naye hakuoa akiyajua haya. Miaka ya mwanzo alikuwa akiniambia naumiza macho bure, na kwa kweli alikuwa na haki upande wa macho, kwani taa yetu ilikuwa hafifu. Siku moja akaja na balbu yenye mwanga mkali, akapanda kiti, akaifunga, hakusema kitu. Siku hizi nikinunua uzi wa kufumia ambao haujazungushwa donge, yeye ndiye huushika. Anakaa na mikono mbele kama aombaye dua, uzi umemzunguka viganja, mimi nakunja donge, redio inatangaza mpira. Refa akimkera, uzi unakaza.

Shemeji wa Magomeni, najua gazeti hili unalisoma. Ile karatasi ya oda ichane, na usimwambie mwenzio aanze tena. Nenda kanunue uzi wa zambarau, uweke mezani, kisha utoke ukacheze bao. Akiugusa, usimuulize anafuma nini. Asipougusa, nao ni wake.

Kofia niliyonayo mapajani imebakiza safu mbili za viua. Idi ikifika kabla haijaisha, mume wangu atavaa ya mwaka juzi.