Amunike na swali la kijana wa Kilindoni

Wadau, niwieni radhi kwa kuadimika hapa kibarazani. Mhariri alinituma Mafia kuandika habari za papa potwe, na mtandao kule Kilindoni ulikuwa wa kubahatisha. Nimerudi na jambo ambalo halihusu papa hata kidogo.

Jioni moja nilikaa ufukweni nikitazama vijana wakicheza kandanda, wengi wao pekupeku. Winga wao wa kushoto alikuwa moto kwelikweli. Mpira ulipokwisha, akasikia kuwa mimi ni mwandishi kutoka Dar, akanifuata. "Kaka, mtu akitaka kwenda kucheza nje anaanzia wapi?"

Nikababaika. Naandika habari za michezo mwaka wa nne sasa, na jibu sina! Kwa kijana ambaye lazima apande boti mpaka Nyamisati kwanza, hata Dar yenyewe ni nje.

Usiku ule nikamkumbuka winga mwingine wa kushoto, Emmanuel Amunike. Mnigeria huyu aliondoka kwao akaenda Zamalek ya Misri, kisha Sporting ya Ureno, halafu Barcelona. Mwaka 1994 alifunga mabao mawili kwenye fainali ya Afrika dhidi ya Zambia, akachaguliwa Mwanasoka Bora wa Afrika. Mwaka 1996 akafunga bao la ushindi, Nigeria ikiifunga Argentina 3-2 kwenye fainali ya Olimpiki. Baadaye goti likamsumbua kwa muda mrefu, akatangatanga mpaka Korea Kusini na Jordan. Alipogeukia ukocha, aliipa Nigeria Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, kule Chile mwaka 2015.

Jamani, mtu huyu tulikuwa naye sisi! Alikabidhiwa Taifa Stars Agosti 2018. Machi 24, 2019 tukaichapa Uganda 3-0 pale Uwanja wa Taifa na kwenda Afcon kwa mara ya kwanza tangu 1980. Nilikuwa chuoni, na usiku ule hakuna aliyelala.

Kule Misri tukafungwa zote tatu: Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Julai hiyohiyo akaondoka, hata fainali haijachezwa. Na fainali ilikuwa kati ya nani na nani? Algeria na Senegal.

Sisemi kwamba hakukosea. Dhidi ya Kenya tuliongoza mara mbili na bado tukalala, na kocha hawezi kulikwepa hilo. Ninachosema ni kwamba tulimpima kwa mechi tatu za siku tisa, tukasahau hazina nyingine aliyokuja nayo. Anaijua njia: mtu anaondokaje kwao, anaishije ugenini, anafanya nini mguu ukigoma. Mambo hayo huyapati kwenye kozi ya ukocha ya wiki mbili.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. TFF wakiajiri kocha mgeni aliyewahi kucheza ng'ambo, waandike kwenye mkataba kwamba atazunguka mikoani, akae na makocha wa vijana, na afike hata visiwani. Kufukuzwa kwa matokeo kupo duniani kote, lakini akiondoka awe ameacha kitu. Nasi waandishi tujirekebishe. Kocha akikaa mbele yetu tunamuuliza kikosi, kikosi, kikosi! Njia aliyopita yeye mwenyewe hatumuulizi.

Mtasema Samatta alifika Ubelgiji bila semina ya Amunike. Kweli, alipitia TP Mazembe. Lakini nchi yenye watu zaidi ya milioni sitini itawasubiri wakina Samatta wajitokeze kwa bahati mpaka lini?

Yule kijana nilimpa namba yangu ya simu, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Akipiga, nitamwambia nini?

Naomba kuwasilisha.